SEIS, kipima mitetemo cha Mirihi: kifaa hodari kilichokosa mwenzake

Anayetaka kukipima kifaa cha SEIS kwa haki aanze na mtangulizi wake. Mwaka 1976 chombo cha Viking 2 kilitua Mirihi kikiwa na kipima mitetemo kilichofungwa juu ya chombo chenyewe, na kwa kuwa chombo kilitikisika kila upepo ulipovuma, sehemu kubwa ya kilichorekodiwa ilikuwa upepo. SEIS, kilichoundwa chini ya uongozi wa CNES, shirika la anga za juu la Ufaransa, hakikurudia kosa hilo. InSight, chombo cha NASA kilichokibeba, ilipotua kwenye uwanda wa Elysium Planitia tarehe 26 Novemba 2018, mkono wa roboti ulikishusha kifaa hadi ardhini, kisha Februari 2019 ukakifunika kwa kifuniko chenye umbo la kawa.

Rekodi zake ziko wazi kwa yeyote, nami nimezitumia vya kutosha kuzisifu na kuzilalamikia. Ukifungua rekodi ya siku moja, utaona mstari mnene na wenye fujo mchana upepo unapovuma, halafu jioni unatulia na kuwa mwembamba kama uzi, na humo ndimo mitetemeko midogo inamoonekana: mawimbi ya P, yale ya kasi zaidi, yanatangulia, ya S, yaliyo ya polepole, yanafuata, na muda kati yao unakupa umbali wa chanzo. Mtetemeko wa tarehe 4 Mei 2022, wenye ukubwa wa 4.7, hauhitaji jicho la fundi, kwani mawimbi yake yaliendelea kwa takriban saa kumi. Mgeni ajihadhari tu na vijongo, yaani miruko ya mstari isiyo mitetemeko, vinavyotokana na mabadiliko ya joto. Kimoja kilinidanganya jioni nzima.

Lalamiko langu kubwa ni kwamba kituo kilikuwa kimoja, ilhali Mwezini vituo vinne vilivyoachwa na safari za Apollo vilifanya kazi pamoja hadi 1977. Mfano wa hasara hiyo ni kiini cha Mirihi. Mawimbi ya S hayapiti ndani ya kimiminika, hivyo yalipogonga kiini cha Mirihi yalirudi juu, na mwaka 2021 watafiti wakakadiria nusu kipenyo cha kiini kuwa kilomita 1,830 hivi. Mwaka 2023 tafiti mbili zikaonyesha kwamba mawimbi yalikuwa yakirudishwa na tabaka la mwamba ulioyeyuka linalokizunguka kiini, lenye unene wa kilomita 150 hivi, na kwamba kiini chenyewe cha metali kina nusu kipenyo cha kama kilomita 1,650 hadi 1,675. Silaumu kifaa, kwa sababu kilinasa mitetemeko zaidi ya 1,300, lakini kituo cha pili kingepunguza kubahatisha.

Kilichokizima ni vumbi. Paneli za jua hazikuwa na cha kuzipangusa, hata mwaka 2021 wahandisi wakalazimika kumwaga mchanga kwa mkono wa roboti ili chembe zikipeperushwa na upepo ziondoke na vumbi. Umeme uliongezeka kidogo, na kifaa kikaendelea kusikiliza hadi chombo kilipokata mawasiliano Desemba 2022.