Lichess na adabu ya kusalimu amri katika sataranji

Katika sataranji kuna ubishi usiokwisha kuhusu mchezaji aliyepoteza malkia, kete yenye nguvu kuliko zote, bila kupata chochote badala yake, naye akaendelea kucheza kana kwamba hapajatokea jambo. Wapo wanaosema kwamba anamdharau mpinzani wake kwa kumfanya athibitishe lililo wazi, na wapo wanaojibu kwamba mchezo haujaisha mpaka uishe. Tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010 na inayoendeshwa kwa michango, bila malipo wala matangazo, haikubuniwa ili kuamua ubishi huo. Hata hivyo, jinsi ilivyopanga vitufe na saa zake inaonyesha msimamo, nami nakusudia kuupima msimamo huo.

Kusalimu amri hufanyika kwa kubonyeza kibendera kidogo kilicho kando ya ubao, jirani kabisa na kitufe cha kuomba sare. Upo mpangilio unaoutaka mfumo ukuulize kwanza kama kweli umeamua, na anayechezea kwenye simu asiuzime, kwa sababu vitufe hivyo vimekaribiana mno. Zaidi ya hapo, hakuna kinachomsukuma mchezaji kukata tamaa. Hata akibaki na mfalme mtupu dhidi ya malkia na ngome mbili, ana haki ya kuendelea, na hilo linaafikiana na kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ambazo humpa ushindi yule ambaye mpinzani wake ametangaza kushindwa, lakini hazimlazimishi mtu yeyote kutangaza.

Msimamo huu naukubali, ila uzito wake hutegemea saa mliyochagua. Katika mchezo wa dakika tatu kwa kila mchezaji, usio na nyongeza ya sekunde baada ya kila hatua, kubaki nyuma kwa ngome nzima huku mpinzani akiwa na sekunde nane si kushindwa bado. Kumaliza mchezo ndani ya muda ni sehemu ya kazi ya mshindi, na anayenung'unika kwamba ameng'ang'aniwa angeweza kuchagua saa nyingine. Katika mchezo wa dakika kumi wenye nyongeza ya sekunde tano kwa kila hatua, tegemeo hilo la mpinzani kuishiwa muda halipo tena, na anayeendelea akiwa nyuma kwa malkia hana anachongoja ila kosa la bahati. Makosa hayo yapo, hasa kwa wanaoanza: mfalme mweusi akiwa peke yake kwenye mraba wa kona, h8, mweupe akiharakisha kumweka malkia g6, mfalme hashambuliwi lakini hana pa kwenda, na mchezo ambao mweupe alikuwa karibu kuushinda unageuka sare. Kwa hiyo kati ya wachezaji wa viwango vya chini sioni ukosefu wowote wa adabu katika kuendelea mpaka mfalme anaswe. Anayeongoza naye ana jambo la kujifunza hapo. Hata muda ukimwishia mpinzani, Lichess hutoa sare badala ya ushindi iwapo aliyebaki na muda hana kete zinazoweza kumnasa mfalme, jambo linalowazuia wale wanaotegemea saa peke yake.

Sifa kubwa ya Lichess, kwa maoni yangu, ni kwamba inatenganisha kuendelea kucheza na kukataa kucheza. Mtu anayeona ameshindwa akaacha saa itembee dakika sita bila kugusa kete hapiganii chochote; anamwadhibu aliyemshinda. Kwenye baraza la bao watazamaji wangekwisha kumwambia ainuke ampishe mwingine. Hapa kazi hiyo inafanywa na mfumo: anayerudia tabia hiyo huonywa kwamba kuacha muda uishe badala ya kusalimu amri kutamfanya azuiwe kucheza kwa muda, na anayetoroka kabisa humpa mpinzani wake, baada ya kusubiri kidogo, chaguo la kudai ushindi au kuridhia sare. Kasoro iliyopo ni kwamba mkaidi aliyebaki mtandaoni huwezi kumwondoa papo hapo. Utakaa na saa yake mpaka iishe, na adhabu itamfuata baadaye bila wewe kurudishiwa dakika zako.

Mchezo ukiisha, uchambuzi wa Stockfish, programu ya kompyuta inayopima kila hatua, hupatikana bure, na hapo ndipo waliosalimu amri mapema hupata majibu yao. Hawako peke yao. Georg Marco, mchezaji mahiri wa zama zake, alipocheza na Ignatz von Popiel huko Monte Carlo mwaka 1902, aliona askofu wake wa d4 amebanwa na atapotea, akakubali kushindwa. Kumbe askofu huyohuyo angesogea g1, angetishia chekimeti, yaani kumnasa mfalme, kwenye h2 na papo hapo kumwacha malkia wa mpinzani aliwe. Mtu wa daraja lake alisalimu amri katika mchezo ambao angeushinda. Kwa sababu hiyo sipendi shinikizo la kumtaka mtu asalimu amri haraka, hasa shinikizo linaloandikwa na mpinzani kwenye kisanduku cha mazungumzo; kwa bahati njema, kisanduku hicho kinaweza kuzimwa.

Mahali ambapo huduma hii hainiridhishi ni michezo ya masafa, ambayo mchezaji anaweza kupewa hadi siku 14 kwa kila hatua. Aliyeshindwa anaweza kutumia siku zake zote, hatua baada ya hatua, bila kuvunja kanuni yoyote, na mfumo hautofautishi anayetafakari na anayechelewesha kwa makusudi. Kwa michezo ya papo kwa papo naipendekeza Lichess bila kusita. Kwa ya masafa, mwalike mtu unayemfahamu, au uweke siku mbili kwa hatua badala ya kumi na nne.