Meli ya Usiku 7 Kutoka Galveston na Magofu ya Wamaya: Inafaa Familia Inayoanza?

Habari zenu, karibuni. Leo tunachambua bidhaa isiyokuja kwenye boksi: safari ya meli ya kitalii, usiku 7, kutoka Galveston, Texas, kwenda Karibi ya magharibi, pamoja na ile siku ya kushuka kuona magofu ya Wamaya, watu wa kale wa Meksiko na nchi jirani. Tunaitazama kwa macho ya familia ambayo haijawahi kupanda meli ya aina hii: baba, mama, watoto wawili, na labda bibi aliyekuja kutembea kutoka nyumbani. Kwa mliopo Houston au Dallas, faida yake iko wazi. Mnapakia gari, mnaendesha mpaka bandarini, hakuna tiketi ya ndege.

Hukumu naitoa mapema. Meli kubwa zinazotoka Galveston zinafanana kuliko matangazo yao yanavyodai. Ukipata yoyote, watoto watafurahi. Siku ya magofu ndiyo inayotofautisha familia iliyorudi inacheka na iliyorudi imenuniana. Kama ratiba yako ina Cozumel na Costa Maya, bandari mbili za Meksiko, magofu yafanye Costa Maya, nenda kwenye magofu ya Chacchoben. Magofu ya Tulum, yale mnayoendea kutoka Cozumel, yaache mpaka watoto wakue.

Hebu tazama hesabu hii. Meli ikitia nanga Cozumel, mko kisiwani, na Tulum iko bara. Unashuka gatini, unapanda boti ya kasi kama dakika 45 hadi Playa del Carmen, halafu basi karibu saa nzima kwenda kusini. Kurudi ni vilevile. Ongeza foleni ya boti, foleni ya geti na mwendo wa miguu kutoka basi linaposimama, na siku ya saa 7 inakupa kama saa moja na nusu ya kuona magofu. Tena ile boti ndiyo inayowaangusha watu. Mlango wa bahari kati ya kisiwa na bara una mkondo wenye nguvu, na upepo ukivuma boti inarukaruka. Mtu aliyelala fofofo kwenye meli ya tani laki moja analevywa na bahari ndani ya dakika 10. Mifuko ya kutapikia haigawiwi kwa mapambo.

Nisiidhalilishe Tulum, ni pazuri mno. Ukuta pande tatu, upande wa nne ni jabali linaloshuka baharini, na jengo kubwa la El Castillo limekaa ukingoni kabisa. Ulikuwa mji wa biashara wa karne ya 13 hadi ya 15, na Wahispania waliupita kwa merikebu mwaka 1518 watu wakiwa bado wanaishi humo. Lakini kivuli hakuna, majengo yamefungwa kwa kamba, na mtoto wa miaka 5 hana habari na karne ya 13. Yeye anaona bahari ya samawati pale chini na anauliza kwa nini hamwendi kuogelea.

Sasa Chacchoben. Bandari ya Costa Maya iko Mahahual, kusini mwa jimbo la Quintana Roo. Hakuna boti ya pili. Unashuka gatini, unapanda basi, chini ya saa moja kidogo au saa kamili uko kwenye geti. Ziara nzima ni kama saa 4, kwa hiyo mchana mnarudi melini watoto wanakula na kulala. Mahali penyewe ni msituni, mitende mirefu na miti mikubwa, na njia nyingi zina kivuli. Waliowahi kufika Gede, pale karibu na Malindi, wataielewa hali hiyo haraka: mawe ya chokaa, mizizi iliyokumbatia kuta, na ule ukimya wa mji ulioachwa. Jina lake hutafsiriwa kama mahali pa mahindi mekundu. Majengo mengi mnayoyaona ni ya miaka ya 700, na wageni walianza kuruhusiwa mwaka 2002 tu.

Mkisimama mbele ya piramidi ya kwanza, inayoitwa Hekalu la 24, msogelee ukuta, ila msiuguse. Warekebishaji wa Meksiko wana desturi ya kuchomeka vijiwe vidogo kwenye udongo wa kuungia, kati ya jiwe na jiwe, kuonyesha sehemu iliyojengwa upya. Pasipo na vijiwe ni kazi ya Wamaya wenyewe. Mpe mtoto mkubwa kazi ya kutafuta mpaka wa zamani na sasa. Huo mchezo unashinda maelezo ya nusu saa. Piramidi zenyewe hazipandwi. Kuna ngazi za mawe za kupandia jukwaa kubwa la juu, Gran Basamento, na hapo ndipo penye kazi. Vidato ni virefu, vyembamba kwa unyayo wa mtu mzima, na mvua ikinyesha vinateleza. Shuka kwa kukata mshazari, usishuke ukiwa umeelekea mbele moja kwa moja. Bibi mwenye magoti mabaya abaki chini kwenye kivuli, hakosi mengi.

Kigari cha mtoto kiache chumbani. Njia ina kokoto na mizizi, magurudumu madogo yanakwama hatua 20 za kwanza, halafu baba anakibeba begani kwa saa nzima. Mbeleko au kanga mgongoni inashinda vigari vyote vya dukani, na kwenye zile ngazi mikono yako yote miwili iko huru.

Vitu vya kushuka navyo: maji nusu lita kwa kila mtoto na lita moja kwa mtu mzima, kofia, viatu vya kufunga, dawa ya mbu, fedha taslimu kidogo za noti ndogo, kadi ya meli, na kitambulisho chenye picha. Dawa ya mbu si ya kubahatisha, kwa sababu kile kivuli nilichokisifu ni chao pia. Watu wazima wavae suruali ndefu nyepesi. Chakula cha bufee usikitoe nje. Matunda na sandwichi hunyang'anywa bandarini kwa sheria za kilimo za Meksiko. Biskuti zilizofungwa kiwandani hupita.

Je, ziara uinunue kwa kampuni ya meli au kwa wakala wa nje? Wakala wa nje mara nyingi ni nafuu na vikundi vyake ni vidogo. Ziara ya meli ina kitu kimoja unachokilipia: basi lao likichelewa, meli inasubiri. La wakala likipata pancha, meli inaondoka, na kuifuata bandari inayofuata ni kwa mfuko wako. Kwa safari ya kwanza na watoto, lipa ile tofauti. Na Costa Maya ina sababu ya ziada. Gati lake limetokeza bahari ya wazi bila ghuba ya kulikinga, hivyo upepo ukizidi nahodha hupita bila kusimama. Mwaka 2007 kimbunga Dean kililivunja kabisa. Meli isiposimama, fedha za ziara ya kampuni hurudi zenyewe kwenye akaunti yako, bila barua. Ya wakala, soma masharti kabla ya kulipa. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba, na bei za chini za Septemba zinatokana na huo.

Sasa saa. Hapa ndipo watu wanaponaswa. Quintana Roo tangu 2015 inashika saa moja mwaka mzima, haibadiliki. Texas inabadilika. Kiangazi saa zenu na zao ni sawa; majira ya baridi wao wako mbele kwa saa moja. Baadhi ya meli hubadili saa zikifika, nyingine hubaki na saa ya bandari zilikotoka. Simu inashika mtandao wa Meksiko na kujibadilisha bila kukuuliza. Mkitoka Florida kiangazi ni hatari zaidi: simu ya Meksiko itakuwa nyuma ya saa ya Florida kwa saa nzima, unajiona una muda, kumbe gati linafungwa. Dawa yake ni saa ya mkononi ya bei rahisi, iliyowekwa sawa na saa ya meli asubuhi hiyo kabla ya kushuka. Muda wa mwisho wa kupanda huwa nusu saa au zaidi kabla ya kung'oa nanga, na umeandikwa mlangoni mnapotokea. Upige picha. Na bibi mwambie kwa saa zetu: wakitangaza nne na nusu, yeye ajue ni kumi na nusu jioni.

Nyaraka. Raia wa Marekani kwenye meli inayotoka na kurudi bandari ileile anaruhusiwa kupanda na cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha serikali, na mtoto mdogo kwa cheti peke yake. Familia nyingi zenye watoto waliozaliwa Marekani hufanya hivyo kuokoa fedha za pasipoti. Tatizo linakuja mtoto akiugua Cozumel mkatakiwa kurudi kwa ndege: cheti hakimpandishi ndege. Watafutieni pasipoti. Wenye grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, wabebe kadi pamoja na pasipoti ya nchi yao, isiyokwisha muda. Bibi mwenye viza ya matembezi, hakikisheni viza yake ni ya kuingia mara nyingi, kwa sababu mkirudi Galveston anapita uhamiaji upya.

Kuhusu chumba sitakaa sana. Chagua katikati ya meli, sitaha za chini, kwa kuwa mtikisiko ni mdogo huko. Mbele kabisa na juu kabisa ndiko meli inakoyumba zaidi. Usichukue chumba kilicho chini ya bwawa au bufee, viti vinaburutwa alfajiri. Watu wanne kwenye chumba kimoja maana yake vitanda viwili vinashushwa kutoka darini, na mtoto mdogo hafai kulala juu.

Mwenye mtoto wa nepi asikilize vizuri. Meli nyingi hazipokei mtoto wa chini ya miezi 6. Na mabwawa ya kawaida hayaruhusu mtoto asiyejua choo, hata akivaa nepi za kuogelea, kwa kanuni za afya za Marekani. Klabu ya watoto kwa kawaida huanzia miaka 3 na mchana ni bure.

Msifungashe pasi, birika la umeme, wala ekstensheni yenye kinga ya umeme. Vyote hukamatwa kwenye mashine ya mizigo kwa hofu ya moto. Ndiyo, pasi, najua. Chapati na sambusa za nyumbani nazo hazipiti. Wanaotaka halali, ombeni mnapoweka nafasi, siyo mkiwa mezani, na kwenye bufee ulizeni mpishi nyama ni ya nini, maana nguruwe hujificha hata kwenye maharage.

Kuumwa tumbo kunaenea haraka melini. Virusi vya tumbo vinavyosifika huko havifi vizuri kwa ile jeli ya mikono iliyowekwa mlangoni. Sabuni na maji, sekunde 20, kabla ya kugusa kijiko cha bufee. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla bahari haijachafuka, kama saa moja mapema. Ukishaanza kutapika inatoka nayo. Kwa watoto, muulize daktari kipimo kabla ya kuondoka nyumbani.

Simu iweke kwenye alama ya ndege kabla meli haijaondoka gatini, kisha uiache hapo. Meli ina mnara wake wa simu, na simu ikijiunga nao yenyewe bili utaikuta nyumbani.

Tumalizie na bei, kwa sababu ile inayotangazwa si unayolipa. Bakshishi ya wafanyakazi hukatwa kila siku kwa kila mtu, watoto wakiwemo, na kwenye kampuni kubwa ni kati ya dola 16 na 20. Chukua 17: watu 4, usiku 7, ni dola 476 kabla hujanunua hata soda. Maji, chai na kahawa ya bufee ni bure. Soda, waifai, maegesho Galveston na ziara ni juu yako. Kadi ya meli ndiyo pochi, na ya mtoto mnaweza kuizuia isinunue kitu. Hiyo izuieni siku ya kwanza kwenye kaunta ya huduma, kwa sababu mashine za michezo hazimuulizi mtoto umri. Jioni ya mwisho fungueni akaunti mkague mstari kwa mstari, kabla ya saa nne usiku kama mnaweza. Asubuhi ya kushuka ile foleni ya kaunta inazunguka mpaka kwenye lifti.