Santuri ya Krismasi Isiyotaja Waimbaji: Je, Inafaa Kununuliwa?

Watazamaji wapenzi, karibuni. Santuri niliyoishika hapa ni ya Krismasi, ya inchi 12, nami niliinunua kwa dola 2 katika duka la mitumba hapa Ohio. Jalada lake lina mti, theluji na jina la kampuni iliyowagawia wateja wake santuri hii. Nikiligeuza, mnaona nyimbo 10 zimeorodheshwa, lakini pale ambapo mngetarajia majina ya waimbaji pameandikwa "okestra na kwaya", basi.

Santuri za namna hii zilishamiri Marekani katika miaka ya 1960. Kampuni ya matairi ya Goodyear, ya mjini Akron hapa Ohio, ilianza mwaka 1961 kuuza kwa dola 1 santuri ya Krismasi iliyotengenezwa na kampuni ya muziki ya Columbia, ili mtu aingie dukani kufuata muziki na, akiwa humo, akumbuke kwamba matairi ya gari lake yamekwisha. Firestone, jirani yake wa mji huo huo, na jina ambalo Wakenya wengi walilizoea kwenye matairi yaliyotengenezwa Nairobi, ikafuata mwaka 1962. Kampuni hizo mbili zilitanguliza nyota, lakini hata kwao wapo waliofichwa: katika juzuu ya nne ya Firestone, ya mwaka 1965, mwimbaji Julie Andrews ametajwa, kiongozi wa muziki Irwin Kostal ametajwa, ila kwaya inaitwa Kwaya ya Firestone, yaani watu wenye sauti nzuri kiasi hicho wamevikwa jina la tairi.

Sababu haikuwa dharau peke yake. Waimbaji wa studio walikodiwa kwa kipindi cha kurekodi, wakalipwa ujira wao na kwenda zao, na baadhi yao walikuwa wamefungwa na mikataba ya kampuni nyingine za muziki, hivyo jina lisingeweza kuonekana hata kama mwenyewe angelitaka.

Nikirudi kwenye santuri yangu, haina mwaka popote juu ya jalada wala kwenye lebo. Hata hivyo, ukiiinamisha chini ya taa, utaona maandishi madogo yaliyochongwa kwenye ukingo laini kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Kwa santuri zilizotengenezwa na kampuni ya muziki ya RCA miaka hiyo, kama hii, herufi ya kwanza hutaja mwaka: P ni 1963, R ni 1964, S ni 1965. Yangu inaanza na R, na hapo swali la umri likaisha kwa dakika moja.

Kuhusu sauti, upande wa kwanza ni wa kawaida mno, violini nyingi na kengele nyingi zaidi, na nisingeupiga mara mbili. Upande wa pili ndio ulionifanya niwashe kamera. Katika wimbo ule tunaouimba kanisani kama Usiku Mtakatifu, kwaya inanyamaza na kumwachia mwanamke mmoja wa alto ubeti mzima, naye anaimba polepole, bila madoido, karibu sana na maikrofoni, hata pumzi anayoivuta kabla ya mstari wa mwisho inasikika. Nimeusikiliza ubeti huo usiku tatu mfululizo. Ningependa kumtaja, lakini ninyi na mimi hatuna jina lake.

Kabla ya kununua, kagueni mikwaruzo inayohisika kwa ukucha, kwa sababu hiyo ndiyo hurusha sindano. Ile nyepesi hutoa mchakacho mdogo tu. Kama santuri imejipinda, iacheni dukani. Msikubali pia bei za kutisha: za Goodyear na Firestone zilichapishwa kwa wingi mno, na kwangu dola 5 ni kikomo kwa santuri iliyo safi. Hii ya dola 2 ninaipa alama 7 kati ya 10, na 6 kati ya hizo ni za yule mwimbaji wa alto.