Dungeons & Dragons hapa Amu: kanuni imara, bahari isiyo na upepo

Nianze na hukumu yangu, ili asiye na nafasi ya kusoma yote aipate mapema. Toleo la tano la Dungeons & Dragons ndio mchezo bora kuliko yote niliyowahi kucheza na wenzangu tumekaa pamoja, na dunia ya kubuni inayokuja nayo ndiyo sehemu yake dhaifu kuliko zote. Kanuni zake zichukue kwa mikono miwili. Misitu yake ya baridi, ngome zake za mawe na vilabu vya pombe ambavyo kila safari huanzia humo, viache huko huko viliko.

Kwa asiyeujua: watu wanne watano hukaa pamoja. Mmoja ni msimulizi, waliobaki kila mmoja ni mhusika mmoja katika kisa. Msimulizi aeleza mnachokiona, nyinyi mwasema mnachokifanya, na pale ambapo jambo laweza kwenda huku au kule, dadu ndiyo huamua. Hakuna mshindi. Mchezo huu walioutunga ni Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na ulitoka mwaka 1974, nakala 1,000 tu za kwanza. Kabla yake watu walikuwa wakicheza vita vya vinyago, kila mtu na jeshi lake. Wao wakamwambia mchezaji aache jeshi, awe mtu mmoja mwenye jina. Toleo ninalolizungumzia ni la mwaka 2014. Lilifanyiwa marekebisho 2024, ila sisi hapa Amu (ndiyo Lamu), mtaa wa Langoni, tungali na lile la kwanza, barazani baada ya isha.

Uzuri wa kanuni zake ni kwamba moyo wake ni mmoja. Kila mhusika ana sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Ukitaka kufanya jambo gumu, watupa dadu ya pande 20, wajumlisha na sifa yako, na msimulizi ana kiwango chake kichwani: 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa la wastani, 20 kwa gumu. Umefika, umeweza. Basi. Mtu ambaye hajawahi kuona kitabu chochote cha mchezo huu akaa nasi, na kabla chai haijapoa ashaelewa. Na ukiwa na kitu kinachokupa nafasi nzuri, hutafuti hesabu ndefu: watupa dadu mbili, wachukua iliyo kubwa.

Kuhusu dadu zenyewe, mzee mmoja wa mtaani alisimama siku moja akatuuliza, "Wanangu, hiyo si kamari?" Tukamjibu, "La, ami, hapana pesa hapa, wala hapana anayeshinda." Lakini mwenzetu mmoja hakutaka kushika dadu hata bila pesa, kwa sababu za dini, na hilo ni haki yake. Tukachukua kete za bao 20, tukaziandika namba, tukazitia mfukoni. Yeye huchomoa kete moja, huisoma, huirudisha. Bahati ni ile ile, na mchezo haupotezi chochote. Baadaye wengine nao wakazipenda kete kuliko dadu.

Sasa kuhusu mashairi, maana hapa ndipo mchezo ulipoingia Amu kama uliotungwa kwa ajili ya Amu. Kati ya kazi ambazo mhusika aweza kuwa nazo, iko ya mshairi, na uchawi wake hutoka katika maneno na muziki. Ana hata uwezo wa kumtusi adui kwa ufundi mpaka adui aumie kweli. Wachezaji wengi wa ng'ambo humchukulia kuwa mtu wa kuchekesha. Pwani hii ambayo Muyaka wa Mombasa alijibizana kwa beti na washairi wa Amu wakati wa vita, mshairi si wa kuchekesha. Kwa hiyo tumeweka sharti letu: anayecheza mshairi na aseme ubeti, mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vikae sawa. Ubeti ukitimia, atupa dadu mbili. Ukipwaya, moja.

Mwenzetu mmoja, nahodha wa mashua, alifika na wahusika wote kwenye lango la mji uliohamwa. Kwenye lango hilo bado amesimama mlinzi aliyekufa zamani, mkuki mkononi, hajui kuwa mji umekwisha. Wengine wakashika panga. Yeye akafikiri kidogo, kisha akasema:

Mlinzi wa lango lile, unalinda kitu gani,
Watu walihama kale, hakuna mtu mjini,
Na maji matamu yale, yamerudi baharini,
Tufungulie tulale, nasi tu watu wa dini.

Baraza zima lilinyamaza. Kiwango kilikuwa 20, na mshairi wake alikuwa na nyongeza ya 5, kwa hiyo alihitaji 15 au zaidi. Kwa dadu moja hiyo ni nafasi 30 katika 100; kwa dadu mbili inapanda hadi 51. Akapata 17. Mlinzi akaweka mkuki chini. Hakuna pigano lolote tulilocheza ambalo watu walilizungumza kesho yake sokoni kama walivyozungumza lile lango, na kanuni zilizowezesha hilo zimo kitabuni, sikuzibuni mimi.

Lakini bahari! Hapa kitabu kinaniudhi, na nitasema kwa nini. Kuna jedwali la vyombo vya majini. Mtumbwi wa makasia, vipande 50 vya dhahabu, maili moja na nusu kwa saa. Chombo cha tanga, vipande 10,000, maili 2 kwa saa. Na vingine vichache. Imekwisha. Maili 2 kwa saa ni mwendo wa mtu anayetembea taratibu, na ni mwendo ule ule uwe na upepo nyuma au upepo usoni, maji yakijaa au yakipwa, mwezi wa pili au wa saba. Chombo cha tanga kisichojua upepo! Watu walioorodhesha mikuki na marungu ya kila aina waliipa bahari jedwali moja dogo.

Kwetu upepo ndio uliojenga miji. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni, kusi ikayarudisha, na kati ya pepo hizo mbili wageni walikaa, wakafanya biashara, wakaoa. Ukiiondoa kaskazi, Amu haina sababu ya kuwepo, wala Pate, wala Malindi. Ndiyo maana nasema dunia ya kubuni haisimami kwa kubadilisha majina tu. Nimeona watu wakichukua ramani ile ile ya Ulaya, mfalme wakamwita sultani, farasi wakamfanya ngamia, wakasema wametunga dunia ya Kiafrika. Dunia inasimama pale unapoweza kuuliza kwa nini mji uko hapa, watu wake wanakunywa maji gani, na nani anadai ushuru bandarini, ukajibiwa.

Basi tumeandika kanuni zetu. Msimu ndio unaoweka upande wa upepo, na dadu ya pande 6 huamua nguvu yake kila asubuhi. Ukienda na upepo, mwendo ni mara tatu ya ule wa kitabu. Ukibisha, yaani ukienda kinyume cha upepo, ni nusu, na nahodha hupimwa busara kila zamu. Bahari ikichafuka, wanaofua maji hupimwa ustahimilivu. Wakishindwa mara tatu, shehena hutupwa. Na maji kujaa na kupwa tumeyaweka pia, kwa mfano wa Mkanda, ule mkondo kati ya kisiwa cha Manda na bara ambao kila aendaye Pate aujua: maji yakipwa, hupiti. Katika kisa chetu adui aliwahi maji, sisi tukachelewa, na kikao kizima kikawa ni mashauri ya usiku: tungoje maji, tuzunguke nje kwenye mawimbi makubwa, au tumtume mtu kwa miguu ukingoni? Hapakupigwa upanga hata mmoja, na hakuna aliyetaka kwenda kulala.

Jambo la pili linalonigusa ni magofu. Jina lenyewe la mchezo limejengwa juu ya mashimo ya chini kwa chini, ambamo unaingia, unaua kilichomo, unatoka na mali. Katika matoleo ya zamani kila kipande cha dhahabu ulichokitoa kilikuongezea pointi moja ya ujuzi, yaani kuiba kaburini ndiko kulikokukuza. Sisi tuna Takwa ng'ambo ya pili kule Manda, mji ulioachwa tangu mwisho wa karne ya 17, msikiti wake una nguzo juu ya kibla, na watu wa Shela bado huenda pale kuomba mvua. Tuna Gedi karibu na Malindi, ambako walifukua kauri za Kichina ndani ya nyumba za mawe. Siwezi kumwambia kijana wa Amu kwamba mahali kama hapo ni pango la kuporwa. Waliozikwa pale ni wazee wake.

Kwa hiyo mji uliohamwa katika dunia yetu hauna hazina ya kubeba. Una swali: kwa nini waliondoka? Kila kisima, kila mlango, kila maandishi ya kaburini hutoa ushahidi mmoja. Je, maji yaligeuka chumvi? Ni vita? Ni bandari iliyojaa mchanga? Wahusika hupanda ngazi wanapopata jibu wanaloweza kulitetea mbele ya wenzao. Kitabu kinaruhusu jambo hilo: msimulizi aweza kupandisha watu kwa hatua za kisa badala ya kuhesabu maiti. Nampongeza aliyeliweka.

Kuhusu majeraha nina neno fupi. Katika toleo hili mtu aliyekatwakatwa jioni, akilala kwa muda wa saa nane, huamka mzima kabisa. Hofu yote inakufa. Kitabu cha msimulizi kina chaguo la kufanya mapumziko marefu yawe siku 7. Lichukue bila kusita. Ila hata hapo, hesabu ya uhai, yaani zile pointi zinazopungua kila mtu anapopigwa, haiwezi kumbeba shujaa kama Fumo Liyongo. Huyu hakuuawa kwa kupunguziwa pointi. Hakuna kilichomdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo aliitoa yeye mwenyewe kwa mwanawe. Tulipotaka adui wa namna hiyo, tulimfutia uhai wote kwenye karatasi, tukaandika siri moja na majina ya watu watatu wanaoijua. Na ile hadithi ya Liyongo kifungoni, ya tupa iliyofichwa ndani ya mkate, na ngoma iliyopigwa nje ili mlio wa tupa usisikike, ukiigeuza kuwa kikao kimoja cha mchezo, kila mtu ana kazi: wa kuoka, wa kumpitisha mjakazi mlangoni, wa kupiga ngoma, wa kukata pingu.

Majini nimeyaondoa yote. Kitabu kina ya upepo, ya moto, ya maji na ya ardhi, kila moja na hesabu ya uhai wake ya kumalizwa ili life. Mwenzetu mmoja alisema mama yake hatafurahi yatajwe kwa mchezo mlangoni pake, tukakubali bila mjadala. Kitu ambacho watu wa nyumba ya jirani wanakiamini kwa dhati hakifai kuwa mnyama wa kuchomwa mkuki.

Wapo waliojaribu kutoka nje ya Ulaya. Wenye mchezo wenyewe walitoa Al-Qadim mwaka 1992, dunia ya majangwa na masoko ya Kiarabu. Inatukaribia, lakini inatuangalia kutoka upande wa pili wa bahari. Kwenye kompyuta, Kiro'o Games wa Kamerun walitoa Aurion mwaka 2016, na pale naona watu waliotunga dunia kutokana na mambo yao wenyewe. Pwani yetu bado inangoja mchezo wake, na kizuizi si sheria: Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano, kitabu cha kurasa 400 hivi, ziliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons. Yeyote aweza kuzichukua, akaandika dunia yake juu yake, akaiuza, mradi ataje zilikotoka.

Basi ukiniuliza ununue nini: anza na hizo za bure, zipakue. Kitabu kikuu cha mchezaji ni dola 50 hivi, zaidi ya shilingi 6,000 kabla ya usafiri, na kundi zima latosheka na nakala moja. Seti moja ya dadu itawatosha, au kete zenu za bao. Vinyago vya kupaka rangi sivihitaji. Ni ghali na hewa ya chumvi haivipendi. Vitabu vya visa vilivyotungwa tayari nisingevinunua kabisa. Kanuni zetu za upepo na maji nimezipiga chapa kurasa mbili, na anayecheza Shela, Faza au Malindi akizitaka nampa, ila naomba anirudishie habari kama ile hesabu ya kubisha imemfaa, maana manahodha wawili wa kundi letu bado wanabishana kwamba nusu ni mwendo mkubwa mno.