Kanga iwe leso: uzoefu wangu wa kutafuta na kubadilisha maneno kwa Vim

Kazi yangu ni kuchapa na kupanga maandishi ya watu hapa Mombasa: orodha za bei, kadi za harusi, vijitabu vya maduka. Mwaka wa nne huu naifanya kwa Vim, programu ya kompyuta ya kuandikia na kuhariri maandishi, na kilichonishika hasa ni jinsi inavyotafuta neno na kulibadilisha bila mkono kuondoka kwenye kibodi. Nitaeleza kwa kazi moja ya mwezi uliopita.

Mama mmoja mwenye duka Barabara ya Biashara aliniletea kijitabu cha kurasa 40 kuhusu nguo anazouza. Kilikuwa kimeandikwa na mtu wa Dar es Salaam, na kila ukurasa ni kanga, kanga. "Mwanangu," akaniambia, "huku kwetu twasema leso. Kanga ni ndege."

Nikaandika amri ambayo kila anayejifunza Vim huianza:

:%s/kanga/leso/g

Alama ya asilimia ni faili nzima. Herufi s ni kubadilisha. Ile g ya mwisho ni kila neno lilipo katika mstari. Ukiisahau, Vim hubadilisha la kwanza tu katika kila mstari, na mengine hubaki yamejificha. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha. Lakini nilipoanza kusoma nikakutana na "mlesonyiko wa majina". Neno mkanganyiko lina kanga tumboni mwake! Nikabonyeza u, kila kitu kikarudi kilivyokuwa.

Dawa yake ni kuzungushia neno mipaka: \<kanga\>. Hapo Vim inashika kanga iliyosimama peke yake tu. Na kabla ya kubadilisha chochote, siku hizi nahesabu kwanza:

:%s/\<kanga\>//gn

Hiyo n ya mwisho huizuia amri isiguse kitu, ikuambie idadi tu. Nilijibiwa 112. Kwangu hili ni jambo kubwa, kwa sababu maandishi ya mteja ni amana, na nataka kujua nakwenda kugusa mara ngapi kabla sijagusa.

Lakini yule mama alikuwa amesema kweli: kanga ni ndege. Ukurasa wa sita ulieleza kwamba nguo ilipewa jina hilo kwa ajili ya madoadoa yanayofanana na ya ndege huyo. Hapo huwezi kuiachia mashine ikimbie. Nikaongeza c baada ya g, na Vim ikaanza kusimama kwenye kila kanga na kuniuliza. Nikikubali nabonyeza y, nikikataa n, nikitaka kumaliza yote yaliyobaki a, nikitaka kuacha q. Y, y, y, vidole vikaenda kama mtu anayepukuchua mahindi, mpaka nikafika "madoa meupe kama ya kanga". N. Ndege wangu akabaki ndege. Sijaona njia nyingine inayonipa kasi na utulivu kwa pamoja namna hii.

Kasoro ipo. Kanga ya mwanzo wa sentensi, yenye K kubwa, Vim haikuigusa, kwa sababu hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Unaweza kuiambia isitofautishe kwa kuweka \c, lakini itaandika "leso" vilevile ulivyoiandika, hata pale inapotakiwa "Leso". Ilinibidi amri ya pili.

Bei nazo zilikuwa za mtindo wetu wa zamani, 500/=, na mama alitaka Sh 500. Mkwaju (/) ndio Vim hutumia kutenganisha sehemu za amri, kwa hiyo ukiwa ndani ya neno unalotafuta unavuruga mambo. Badala yake tumia alama ya reli (#):

:%s#\([0-9,]\+\)/=#Sh \1#g

Mabano hushika tarakimu, na \1 huzirudisha. Usisahau ile koma ndani ya mabano mraba. Bila hiyo, 1,200/= hugeuka 1,Sh 200, na bei iliyoharibika dukani si jambo dogo.

Vim ni ya bure. Aliyeitengeneza, Mholanzi Bram Moolenaar, aliitoa mwaka 1991, akafariki 2023, na ukiifungua bila faili inakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Michango hiyo inahusu Kibaale, mahali huko huko Uganda. Kila nikiona jina la jirani zetu pale hujisikia vizuri. Kuizoea kulinichukua kama wiki mbili ngumu. Ikiwa unaandika barua ya ukurasa mmoja kwa mwezi, sikushauri ujitese.

Kanga na leso zina ngeli moja, kwa hiyo "kanga hii" na "kanga zile" ziligeuka bila kuharibu sarufi. Kisha mama akapiga simu: pale palipoandikwa kitambaa, anataka nguo. "Kitambaa hiki kimefumwa" lazima iwe "nguo hii imefumwa", na hakuna amri fupi ninayoiamini kwa hilo. Nikaandika /kitambaa, amri ya kutafuta tu, nikawa nabonyeza n, ambayo hapa hunipeleka kwenye neno linalofuata, nasoma sentensi nzima, narekebisha kwa mkono, nabonyeza n tena. Zilikuwa 19. Ya mwisho niliimaliza maghribi ikiadhiniwa.