Uzoefu wangu na QuestBridge: ukikosa ufadhili, faili lako huenda wapi?

Matokeo hutoka tarehe 1 Desemba. Yangu yalisema sikupangiwa chuo, kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyekosa. Waliopata wamejaa kwenye video, wanalia kwa furaha na mama zao wanapiga vigelegele pembeni. Sisi hatuna video, ingawa ndio wengi. Mwaka 2024 walioingia fainali walikuwa zaidi ya 7,000, na waliopangiwa vyuo wakalipiwa kila kitu walikuwa 2,627. Wazazi wetu hapa Louisville, Kentucky, huniuliza hivi: maombi ya hao waliobaki hufanywa nini? Yanatupwa? Yanauzwa?

Kwa asiyeijua, QuestBridge ni shirika lisilo la faida lenye makao Palo Alto, California. Linatafuta wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari wanaofaulu vizuri na wanaotoka familia za kipato kidogo, kwa kawaida chini ya dola 65,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wanne. Unajaza fomu moja ndefu inayofungwa mwishoni mwa Septemba, unachagua vyuo visivyozidi 15 na kuvipanga kuanzia unachokitaka zaidi, na katikati ya Oktoba unaambiwa kama umeingia fainali. Vyuo washirika ni zaidi ya 50. Yale, Stanford na MIT vimo, pamoja na vyuo vidogo ambavyo kule Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, hakuna aliyewahi kuvisikia lakini vina akiba ya fedha ya kutisha. Si lazima uwe raia. Anayesoma sekondari ndani ya Marekani anaweza kuomba, ingawa kila chuo kina masharti yake kuhusu karatasi za ukaazi, na sisi tuliokuja kwa mpango wa wakimbizi tayari tuna karatasi hizo.

Sasa nije kwenye kukosa. Ukifika fainali halafu usipangiwe, faili lako haliendi popote lenyewe. Kuna fomu fupi ya awamu ya kawaida ya udahili, inayofuata baada ya ile ya Desemba, na fomu hiyo ni ya walio fainali tu. Unaweka alama kwenye vyuo washirika unavyotaka, idadi yoyote, na QuestBridge inavitumia faili lako bure. Hapo ada ya maombi imesamehewa. Vyuo vingine vinaridhika na faili hilo pamoja na nyongeza yao ndogo, vingine vinataka ujaze na Common App, ile fomu ya pamoja ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi. Hata chuo ulichokiorodhesha mwanzo kikakupita unaweza kukiomba tena, kwa sehemu kubwa, kwa sababu kutopangiwa si sawa na kukataliwa. Na ule mpangilio wako, nani wa kwanza nani wa tisa, vyuo havionyeshwi.

Hapo nawapa alama zote. Mwaka huo mama alikuwa peke yake kwenye mshahara wa kiwanda cha nyama, na ada ya dola 75 au 80 kwa chuo kimoja ingetulazimisha kuomba viwili vitatu tu tukae kusubiri.

Lakini bure ina mtego wake, na aliyeuona si mimi, ni mama. Faili linasafiri vile vile lilivyokuwa Septemba. Huwezi kubadilisha insha, huwezi kuondoa sentensi. Ndani yake mna insha ndefu ya maisha yako, maelezo ya kaya, kipato, nani anaishi na nani, na sehemu ya hali za pekee ambapo unaeleza yale usiyowaambia hata marafiki. Insha yangu ilikuwa kuhusu tulivyotoka Fizi, mashariki mwa Kongo, na kuhusu baba. Jioni ile niliyokaa mezani nikiweka alama kwenye vyuo, mama alikuja na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma yangu.

"Hizo alama ni za nini?"

"Ni vyuo, mama. Kila nilichowekea alama watatumiwa barua zangu."

"Pamoja na ile ya baba yako?"

"Na hiyo."

Akahesabu kwa kidole kwenye skrini, taratibu, kimoja kimoja. "Hawa wote watasoma habari za baba yako, na wengine hutaki hata kwenda kwao. Toa, mwanangu."

Nilitoa vinne. Kila mshauri wa shule utakayemwuliza atakwambia uweke alama kwenye vyuo vingi kadiri inavyowezekana, kwa kuwa hulipi kitu. Mimi nakaa upande wa mama. Kila alama inafungua macho ya wasomaji kadhaa katika ofisi ya udahili na ofisi ya msaada wa fedha. Ni wageni kwetu, na faili likishatumwa, kulirudisha si kazi rahisi. Chuo ambacho usingekwenda hata wakikulipia nauli ya ndege, usikipe msiba wa nyumbani kwenu.

Kuna vitu ambavyo faili halibebi, na hapa ndipo tulipopata taabu. Matokeo ya nusu ya kwanza ya mwaka wa mwisho hutumwa na shule moja kwa moja kwenye chuo. Karatasi za kodi na W-2 ya mzazi, yaani karatasi ya mwajiri ya mshahara wa mwaka, zina njia yake, kadhalika FAFSA na CSS Profile, ambazo ni fomu za kuomba msaada wa fedha. Vyote hivi vinakutana upande wa pili, mara nyingi kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Sasa fikiria majina yetu. Mimi ukoo wangu si ukoo wa baba, wala si wa wadogo zangu, kama ilivyo kawaida kwetu Kongo. Karatasi za uhamiaji zimeweka jina la mwisho mbele, mfumo wa shule umeunganisha majina mawili kuwa moja, na kwenye maombi yangu yapo kama kwenye kadi ya ukaazi. Tarehe ya kuzaliwa ndiyo usiseme: katika kaya yetu tupo watatu tuliozaliwa tarehe 1 Januari, kama nusu ya watu waliosajiliwa kambini.

Kilichotokea ni kwamba chuo kimoja, sikitaji, kilikuwa na mimi wawili. Mimi wa kwanza ana insha na barua za walimu lakini hana matokeo ya shule. Mimi wa pili ana matokeo matupu. Akaunti yangu kwenye tovuti yao ilionyesha alama nyekundu wiki hadi wiki, na kila nikiandika nilijibiwa kwa ujumbe ule ule uliotungwa tayari, kwamba nyaraka huchukua muda kupokelewa. Mwisho mshauri wa shule aliwapigia simu akawatajia majina yangu yote kwa kila mpangilio unaowezekana, na yaliyobaki yakamalizika kwa dakika chache. Kama majina yako yana historia kama yangu, waandikie vyuo mapema barua pepe fupi: mimi ni huyu, na kwenye karatasi nyingine ninaonekana hivi na hivi. Hukohuko eleza na ile 1 Januari, kwa sababu ofisi ya fedha nayo itauliza.

Tofauti na hapo, kuna mipango mingine ambayo haikuulizi chuo kwa chuo. Niliomba ufadhili mmoja mdogo wa hapa jimboni, nikakosa, na baada ya muda nikaanza kupokea barua pepe kutoka vyuo nisivyovijua, vikiniita kwa jina la kwanza kama tumekua pamoja. Nikarudi kwenye fomu. Chini kabisa kulikuwa na kisanduku kilichokuja kimeshawekwa alama: ninaruhusu taarifa zangu zifikishwe kwa washirika. Washirika gani, haikusema. Kwa huo sina hata nyota moja. Posse nao, shirika jingine la ufadhili wa masomo, ambao wamekuwepo tangu 1989 na ambao lazima shule au taasisi ikupendekeze, wana utaratibu wao uitwao Posse Access, ambapo waliopendekezwa wakakosa wanaweza kuonekana na vyuo washirika. Huo una jina na unafahamika, mtu anaingia akijua.

Na kabla hujasema mama yangu ni mwoga mno: Februari 2024 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York alitangaza kwamba College Board, wenye mtihani wa SAT wa kuombea chuo, watalipa dola 750,000 kwa sababu ya kushirikisha na kuuza taarifa za wanafunzi waliofanya mitihani yao shuleni. Kwa hiyo wazazi wanaouliza kama maombi yanauzwa hawajachanganyikiwa.

Mimi niliingia kwa awamu ya kawaida kwenye chuo kimojawapo cha vile vidogo, ambacho Septemba hata sikukiorodhesha. Faili lile lile lililokosa Desemba ndilo lililosomwa na kukubaliwa Machi. Kwa utaratibu wa kupeleka faili peke yake naipa QuestBridge nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa kuwa ningependa, kabla ya kupeleka, mwombaji aruhusiwe kuondoa au kufupisha insha moja.

Pesa je? Aliyepangiwa Desemba analipiwa masomo, malazi, chakula, vitabu na nauli kwa miaka minne, na mzazi hatoi kitu. Ukiingia kwa awamu ya kawaida, chuo kinakokotoa mahitaji yako upya. Kwangu ilitoka karibu na hapo, isipokuwa mchango wangu kutokana na kazi ya likizo, na bima ya afya ya chuo. Bima ndiyo iliyotushtua kwenye bili ya kwanza. Medicaid ya Kentucky, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa kawaida haikutibu jimbo lingine isipokuwa dharura, na chuo kinataka bima inayofanya kazi pale pale chuoni. Ofisi ya fedha iliongeza msaada ukailipa yote, lakini ilibidi niombe kwa barua. Wewe omba siku unayopokea bili, usingoje tarehe ya mwisho ya malipo.