Chujio gani la samaki linafaa kununuliwa Goma? Tumeyapanga kwa kipimo cha umeme kukatika

Ukiulizia chujio la akwariamu katika maduka ya Birere, muuzaji atakuonyesha boksi lenye picha ya maji meupe pee na namba kubwa ya lita kwa saa. Namba hiyo ni ya wakati umeme upo. Goma swali la kwanza ni jingine: umeme ukikatika saa mbili usiku na kurudi alfajiri, samaki watakuwa wamebaki na nini? Yapo machujio ya bei kali, mazuri kabisa mahali pengine, ambayo hapa huleta madhara kuliko ndoo yenye matundu. Kwa hiyo orodha hii haifuati bei wala ukubwa wa mota. Inafuata saa za giza.

Mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya huku juu ni nyepesi. Maji ya nyuzi joto 20 pwani hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Hapa hayafiki 8, hata yakitikiswa vipi. Halafu kuna maji yenyewe. Ukijaza akwariamu kwa bidoni za maji ya Ziwa Kivu, umejaza maji yenye pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati) inayokaribia 9. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake muda wote, na ukali wa amonia hufuata pH: kwenye pH 7 na nyuzi 20, sehemu iliyo sumu kali haifiki asilimia 1, kwenye pH 9 inapita robo. Punje za chakula zilizobaki chini, ambazo kwa mfugaji mwenye maji ya pH 7 si kitu, hapa zinaweza kumaliza samaki wote kwa usiku mmoja.

Kinachoondoa amonia si sponji wala jiwe. Ni bakteria wanaoota juu yake, wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Huchukua wiki 4 hadi 6 kujaa katika maji ya uvuguvugu, zaidi kidogo katika maji ya nyuzi 20 tuliyonayo, na wanahitaji oksijeni kama samaki wenyewe. Basi chujio bora ni lile linalowaacha bakteria hao hai mota ikiwa imezima.

1. Chujio la sponji na pampu ya hewa yenye betri ndani

Hili ndilo la kwanza, na halina mpinzani wa karibu kwa akwariamu ya kuanzia lita 20 hadi 120. Pampu husukuma hewa kupitia mpira mwembamba hadi ndani ya bomba la chujio. Mapovu yakipanda huvuta maji kupitia sponji. Ndani ya maji hakuna kinachozunguka wala waya wa umeme. Hewa ikisimama, sponji inabaki wazi majini na bakteria wanaendelea kupata oksijeni kidogo kutoka pande zote.

Kwa tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35, ambalo ukishaweka changarawe hubaki na maji kama lita 55, chukua chujio la sponji mbili. Utaosha moja leo na nyingine baada ya wiki mbili, kila mara katika maji uliyoyatoa kwenye tangi hilohilo. Ukiikamulia kwenye maji ya bomba yenye klorini umewaua wafanyakazi wote, na amonia itapanda siku mbili tatu baadaye, wakati umeshasahau uliosha.

Pesa yako iende zaidi kwenye pampu. Zipo za aina tatu. Ya umeme wa volti 220 peke yake ni rahisi, lakini usiku wa giza ni pambo tu. Ya USB tutairudia. Tunayoisifu ina betri ya lithiamu ndani na hujigeuza yenyewe umeme unapoondoka. Ijaribu palepale dukani: ichomeke, weka mpira kwenye bakuli la maji, kisha ichomoe. Mapovu yaendelee bila mtu kugusa kitufe. Zipo zinazosubiri kubonyezwa. Hizo zimetengenezwa kwa kusafirisha samaki, hazitamsaidia mtu aliyelala.

Namba ya kwenye boksi usiiamini. Chukua chupa ya lita 1, ijaze maji, igeuze mdomo chini ndani ya beseni, kisha ingiza mpira wa pampu chini ya mdomo wa chupa. Hesabu sekunde mpaka chupa ijae hewa. Sekunde 30 ni lita 2 kwa dakika, zinatosha tangi tulilolitaja. Ikipita dakika moja, rudisha. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Pampu ya USB na pawa benki ni njia ya gharama nafuu ya kufika palepale. Pawa benki ya mAh 10,000 ina wati-saa 37 hivi. Pampu ya wati 1, ukitoa kinachopotea ndani ya kifaa, itakaa kama saa 20. Mitego ni miwili. Pawa benki nyingi hujizima zikiona kinachovutwa ni kidogo mno, kwa kudhani simu imejaa, kwa hiyo pampu ndogo sana huzimwa baada ya dakika chache. Nyingine haziwezi kujazwa na kutoa umeme kwa wakati mmoja. Acha pampu ifanye kazi saa nzima mbele ya macho yako kabla ya kuikabidhi usiku. Mwenye paneli ndogo ya jua na betri ya volti 12 ya ampea-saa 7 ana nafasi zaidi: hata akitumia nusu tu ili betri isichakae mapema, ana wati-saa 42.

Usitoke dukani bila vali ya kuzuia maji kurudi. Pampu ikisimama, maji hurudi nyuma kupitia mpira, huijaza pampu, kisha humwagikia soketi. Vali nzuri ukipuliza upande mmoja hewa inapita, upande wa pili haipiti kabisa. Hata ukiwa nayo, weka pampu kwenye rafu iliyo juu ya usawa wa maji. Na kwa walio kwenye maeneo ya mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, hiyo rafu ina sababu ya pili: gesi hiyo nzito hulala karibu na sakafu, na pampu iliyo chini itaisukuma moja kwa moja kwa samaki. (Nyumba ambayo mazuku huingia ndani, tatizo lake la kwanza si samaki.)

2. Ndoo ya mawe ya volkano

Kwa bwawa la uani, beseni kubwa au tangi la plastiki la lita 200 hadi 500, hatuoni sababu ya kununua chujio la boksi. Unachonunua ni pampu ya kuzama tu. Lililobaki volkano ya Nyiragongo imeshalitoa.

Tafuta mawe mepesi yenye matundu kama mkate, si yale mazito meusi ya kujengea ukuta. Epuka yaliyotoka kwenye rundo lililoguswa na saruji. Yavunje vipande vya sentimita 2 hadi 4, yaoshe mpaka maji yatoke safi, kisha yamwagie maji ya moto. Usiyachome motoni: maji yaliyonaswa ndani hugeuka mvuke na jiwe hupasuka usoni.

Toboa kitako cha ndoo ya lita 20 matundu kama 30 ya milimita 8. Weka chini tabaka la mawe makubwa kidogo ili madogo yasizibe matundu, jaza mpaka theluthi mbili, juu weka kipande cha sponji cha kunasa uchafu. Simamisha ndoo juu ya mbao mbili imara zilizolazwa juu ya bwawa, kwa sababu ikiwa na mawe na maji inaweza kupita kilo 15. Pampu inapandisha maji, yanapita kwenye sponji, yanatiririka kati ya mawe na kudondoka bwawani yakiwa yamejaa hewa. Sponji ikiziba, maji yatafurika lakini yatarudi bwawani, hayatamwagika uani.

Faida yake inaonekana umeme ukienda: maji yanashuka, mawe yanabaki na unyevu katikati ya hewa, na bakteria wanaishi saa nyingi bila shida. Samaki ndio watakaohitaji msaada, kwa hiyo iweke pampu ya USB kama akiba.

Unaponunua pampu soma maandishi mawili, siyo moja: lita kwa saa na H-max, yaani kimo cha juu kabisa ambacho pampu inaweza kupandisha maji. Pampu ya lita 1,000 yenye H-max ya mita 1.5 haitoi lita 1,000 popote isipokuwa kwenye kimo cha sifuri. Ukipandisha maji sentimita 75 tarajia kama nusu. Kwa bwawa la lita 400 hiyo inatosha. Itundike sentimita 15 kutoka chini: siku bomba likichomoka na kumwaga maji nje, pampu itaishiwa maji kabla samaki hawajaishiwa.

3. Chujio la ndani lenye mota

Ni dogo, linabandikwa kwenye kioo, linatoa mkondo mzuri. Kwa nyumba yenye umeme wa kuaminika ni chaguo la heshima. Chagua lenye mtiririko wa mara 4 hadi 6 ya ujazo wa tangi kwa saa. Sponji yake imefungiwa ndani ya kikopo, kwa hiyo katizo refu huwachosha bakteria haraka kuliko sponji iliyo wazi. Kagua kizungushio cha sumaku: kikitoka na kurudi kwa vidole bila kukwama, chukua.

4. La kuning'inia nyuma ya kioo

Tatizo ni moja na linatosha. Umeme ukirudi, mengi hayaanzi tena kuvuta maji mpaka uyajaze kwa mkono, na mota inanguruma kavu mpaka iungue. Nunua tu lile ambalo mota yake inakaa ndani ya maji.

5. Chujio la mtungi

La mwisho, ingawa ndilo ghali kuliko yote. Ni mtungi uliofungwa kabisa, umejaa uchafu na bakteria. Mota ikisimama, oksijeni ndani huisha baada ya saa chache, bakteria hufa na kuoza. Umeme unaporudi saa kumi usiku, mtungi unasukumia samaki maji yale mabovu yote, na hakuna aliye macho. Kama unalo tayari, lichomoe kila usiku wa mashaka, na asubuhi lifungue, mwaga maji yake, suuza ndipo uliwashe.

Kabla ya mapambo, taa au jumba la plastiki, nunua kipimo cha amonia na dawa ya kuondoa klorini. Kwenye vituo vingi vya kuchotea ziwani bidoni hutiwa klorini kwa ajili ya kipindupindu. Ni nzuri kwa watu, kwa samaki ni sumu. Bila dawa, mimina maji kwenye beseni pana na uyapulizie hewa kwa saa 24. Maji ya mvua ya kwenye bati usiyategemee: moshi wa Nyiragongo huyatia asidi.

Kuhusu samaki wenyewe, maji ya nyuzi 20 na pH 9 samaki wa dhahabu na gapi huyavumilia. Neon na diskasi usinunue. Samaki wa Tanganyika wanaipenda pH hii lakini wanataka joto la nyuzi 25 hivi, yaani hita, yaani umeme zaidi.

Giza likiingia, usilishe. Samaki mzima hafi njaa kwa siku tatu. Wakianza kutweta juu ya maji, chota kikombe na ukimimine kutoka kimo cha mkono, tena na tena kwa dakika tano, kila nusu saa. Umeme ukirudi, pima amonia kabla ya kutoa chakula. Ikionekana hata kidogo, badilisha robo ya maji na uache kulisha mpaka kesho yake.